Betri ya maumivu mgongoni: jinsi ya kuishi nayo ukiwa ughaibuni

Nilipomwambia mama kwa simu kwamba nimewekewa kifaa mgongoni, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, hiyo mashine ikizima, na wewe unazima?" Yeye yuko Tanga, mimi niko Uingereza. Kazi iliyoniharibu mgongo ni ileile inayowalisha wengi wetu huku: kuhudumia wazee, kuwageuza kitandani, kuwanyanyua. Nilifanyiwa upasuaji wa pingili, mguu wa kushoto ukabaki unawaka moto. Dawa zilinilevya tu, moto uko palepale. Huu ni mwaka wa nne naishi na betri.

Jibu la swali la mama ni hapana. Hiki si kifaa cha moyo, ni cha kupunguza maumivu; kwa Kiingereza kinaitwa spinal cord stimulator. Ni waya nyembamba zilizolazwa nje ya utando unaofunika uti wa mgongo, zikaunganishwa na betri ndogo chini ya ngozi, juu kidogo ya kalio au ubavuni. Betri inatuma umeme kidogo unaovuruga taarifa ya maumivu kabla haijafika kwenye ubongo. Ikizima, maumivu yanarudi, basi. Na kwa wale wanaonong'ona kwamba wazungu wanatufanyia majaribio: watafiti Melzack na Wall waliandika mwaka 1965 kuhusu "lango" kwenye uti wa mgongo linaloweza kupitisha au kuzuia maumivu, na mwaka 1967 daktari Norman Shealy wa Marekani akampandikizia mgonjwa kifaa cha kwanza. Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Kabla ya kuwekewa moja kwa moja, kwa kawaida unajaribishwa. Waya zinaingizwa kwa sindano, betri inaning'inia nje kiunoni, unarudi nyumbani kwa siku kadhaa, mara nyingi kama wiki moja. Maumivu yakipungua nusu au zaidi, unapandikizwa. Hapa ndipo adabu zetu zinapotuponza. Ukiulizwa maumivu ni mangapi kwa 10, unajibu "afadhali, namshukuru Mungu." Daktari hana namba ya kuandikia hapo. Mimi niliweka daftari jikoni: nimesimama dakika ngapi kusonga ugali kabla sijatafuta kiti, nimelala saa ngapi bila kuamka, nimepanda ngazi mara ngapi. Andika pia maumivu yenyewe yalivyo, maana kuchoma si sawa na kuwaka, na ganzi si sawa na sisimizi wanaotembea mguuni. Kiingereza kikikukwama, omba mkalimani. Hospitali za umma za Uingereza zinatoa bila malipo, na Marekani hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinalazimika kutoa. Usimbebeshe mtoto wako kazi hiyo. Na kama kifaa hakikusaidii siku za majaribio, sema hivyohivyo. Ni bora kutolewa waya kuliko kubaki na betri isiyo na kazi.

Ukishapandikizwa, wiki 6 hadi 8 za mwanzo ndizo ngumu, na kwetu ni ngumu maradufu kwa sababu tumelelewa kuinama. Tunafagia kwa kuinama, tunadeki kwa kuinama, tunafua kwa kuinama. Waya bado hazijashikwa na nyama, ukijikunja au kujipinda zinaweza kuhama. Wiki ya tatu niliinama kutoa sufuria ya pilau chini ya sinki. Sikusikia maumivu yoyote, ila ule mtekenyo wa umeme wa kifaa niliouzoea mguuni ulihamia mbavuni. Ilibidi nirudi kliniki wanipangie upya programu, na nilikuwa na bahati kwamba sikufunguliwa tena. Kwa hiyo vyombo vya kila siku vipandishe juu ya kaunta kabla ya upasuaji. Mbeleko iweke kabatini, mtoto abebwe na wengine. Kwa Waislamu, rukuu na sujudu zisubiri; uswali umeketi kwenye kiti mpaka daktari akuruhusu, dini imetupa nafasi hiyo.

Baadaye mambo yanakuwa mepesi, ila kuna vitu vya kushtua. Ukilala chali mtekenyo unaongezeka ghafla, kwa sababu uti wa mgongo unazisogelea waya. Kupiga chafya hivyohivyo. Zoea kupunguza kwa rimoti kabla ya kulala. Ukiwa unaendesha gari, kizime kama ni kile kinachotekenya, maana mshtuko mdogo kwenye barabara kuu ni hatari. Kuna aina zinazofanya kazi bila mtekenyo wowote; uliza yako ni ipi. Kuchaji nako kuna adabu zake: chaja inapata joto, kwa hiyo usiibandike kwenye ngozi tupu wala usisinzie nayo. Mimi naweka kanga kuukuu iliyolainika katikati.

Fiziotherapi ina mashine ya kupasha misuli joto kutoka ndani, inaitwa dayathemi. Hiyo usiikubali popote pale duniani, hata kifaa kikiwa kimezimwa, kwa sababu joto linaweza kupita kwenye waya na kuunguza mishipa ya fahamu. Shangazi akikuletea mtu wa kuchua au kupiga hijama, mwonyeshe betri ilipo na waya zinapopita, asiguse hapo. MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, inategemea aina ya kifaa, na kadi ya kifaa unayopewa hospitali ndiyo itakayosema. Daktari wa upasuaji wowote, hata wa meno, aambiwe mapema.

Sasa safari. Rimoti, chaja na kadi vikae kwenye begi la mkononi. Uwanja wa ndege onyesha kadi, omba ukaguliwe kwa mikono. Ikibidi upite kwenye geti la kukagua vyuma, zima kifaa kwanza, pita katikati bila kusimama. Wengi wanajiandaa kwa uwanja wa ndege halafu wanasahau Nairobi, ambako maduka makubwa na hoteli nyingi zina askari mlangoni mwenye kifimbo cha kukagua vyuma. Mwambie kwa upole, "Kaka, nina mashine mwilini, usipitishe hapa mgongoni," nawe uonyeshe pale. Nimewahi kubishana na mmoja aliyedhani nimeficha simu. Anayekwenda Bukavu au Bujumbura abebe barua ya daktari kwa Kifaransa, wa Muscat kwa Kiarabu.

Anayetoka Marekani asome maandishi ya chaja: kama haijaandikwa 100–240V, umeme wa nyumbani Afrika Mashariki, wenye volti nyingi kuliko wa Marekani, utaiua siku ya kwanza. Umeme unakatika pia, kwa hiyo usingoje betri ishuke. Marekebisho ya programu yamalize huku kabla ya kuondoka, usitegemee kumpata mtaalamu wa kifaa chako hasa huko uendako. Na yale masanduku mawili ya kilo 23 ya zawadi, mwache mpwa ayanyanyue. Watasema umekuwa mzungu. Waache waseme.

Kidonda kikiwa chekundu, cha moto, kikitoa usaha, au ukipata homa, usimeze antibayotiki za dukani ukasubiri. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Miguu ikilegea ghafla au ukashindwa kuzuia mkojo, usingoje hata asubuhi. Mwachie mtu nyumbani nakala ya kadi yenye aina ya kifaa na simu ya kliniki yako. Yangu iko kwenye mkoba wa mama, kwenye kile kimfuko chake cha plastiki, pamoja na kadi yake ya kupigia kura.