Acha shafti ipoe kwanza ndipo upime

Mafundi wenzangu mnaokereza shafti za pampu na boti hapa Igogo na Kirumba, Mwanza, msiamini maikromita (kile kipimo cha unene) shafti ikiwa bado ya moto. Chuma cha milimita 25 kikipanda joto nyuzi 40 kinanenepa karibu mikroni 12 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Linaonekana jambo dogo, lakini shafti ya kubana beringi ya 6205, yenye tundu la milimita 25, kwa kiwango cha mkazo kiitwacho k6 inatakiwa izidi 25 kwa mikroni 2 hadi 15 tu. Ikisoma 25.010 ingali moto, ikipoa inashuka chini ya 25, na beringi inaweza kuanza kuzunguka juu yake. Mvuvi mmoja alinirudia hivyo, shafti imelika, siku za kuvua zimempotea. Iliniuma sana.

Bakiza robo milimita, iache ipoe kabisa, ndipo upitishe kisu mara ya mwisho. (Venia, kile kipimo cha taya za kuteleza, haitoshi kwa mikroni chache hivi.) Na pitisha taratibu, uso utoke laini: penye mistari ya kisu maikromita hupima vilele, beringi ikiingia vilele hulala, na ule mkazo uliouona hupungua.