Fomu wani waandike hadithi kwa projekti, sio insha za kukariri

Walimu wenzangu wa Bagamoyo, ukimwambia mtoto wa fomu wani aandike kuhusu bahari atakuandikia bahari ni kubwa na ina samaki, basi. Wape projekti ya wiki tatu, kitabu kimoja cha darasa zima. Kwanza wapeleke soko la samaki mnada ukiwa umechangamka, kila mtu na daftari lake, kazi ni kunasa tu, dalali anasemaje, mama anabishaje bei, magamba yamemganda wapi yule anayepara samaki. Hapo usisahihishe kitu, hata spelingi, nawaomba sana, kalamu nyekundu ikitokea mapema mtoto anajifunga kabisa.

Wiki ya pili kila mmoja achague mtu aliyemwona sokoni, ampe shida ndani ya hadithi, mfano dalali kapoteza hela za watu, na shida ianze sentensi ya kwanza. Wasomeane wawili wawili kwa sauti, msikilizaji aseme tu wapi kachoka na wapi kataka kujua zaidi.

Wiki ya mwisho kusafisha hadithi, kuchora jalada, kutoa kopi steshenari. Wazazi waje wasikilize, na yule mpole wa nyuma asome mapema watu wakiwa bado wametulia.