Namna ya Kuandika Kina cha Kitu cha Kale Kilichokutwa Ardhini

Ukichimba kisima, choo au msingi wa nyumba ukakutana na vigae vya chungu, shanga au jiwe lililochongwa, simamisha jembe na ukiache kitu hicho pale pale kilipo, kwa kuwa kikishang'olewa kabla ya kupimwa hupoteza sehemu kubwa ya habari zake, na habari hizo hazipatikani tena.

Chagua alama isiyosogea juu ya ardhi, kama vile pembe ya ukuta au kigingi kilichokita imara. Funga kamba hapo, uivute hadi juu ya shimo na uilinganishe kwa pimamaji, kisha teremsha timazi (uzi wenye uzito mwishoni) na upime urefu kutoka kwenye kamba hadi kwenye kitu. Usipime kutoka ukingoni mwa shimo, kwani ukingo humomonyoka, au hupanda kwa udongo unaorundikwa juu yake.

Kina peke yake hakitoshi, na hapa ndipo wengi hukosea. Kwangua ukuta wa shimo kwa mwiko wa mwashi, nyunyizia maji kidogo ili rangi zikolee, kisha chora kila tabaka ukitaja rangi yake, unene wake na aina ya udongo. Katika Bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania, mwanaakiolojia Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, tarehe 17 Julai 1959 katika tabaka la chini, na umri wake wa zaidi ya miaka milioni 1.7 ulijulikana kwa kupima majivu ya volkano ya tabaka hilo, wala si kwa kuhesabu mita.

Bonde hilo hilo linatoa onyo ambalo kila mchimbaji anapaswa kulizingatia. Mwaka 1913 mwanajiolojia Mjerumani Hans Reck alikuta mifupa ya mtu katika tabaka la pili kutoka chini, akaamini kwamba ina umri sawa na tabaka hilo. Baadaye, udongo uliozunguka mifupa hiyo ulipochunguzwa, zilionekana punje nyekundu za tabaka la juu yake: mtu huyo alikuwa amezikwa katika kaburi lililochimbwa kutoka juu, na leo anakadiriwa kuwa wa miaka 17,000 hivi iliyopita. Kwa hiyo utazame kwa makini udongo unaogusana na kitu ulichokikuta. Ukiwa laini kuliko wa pembeni, au ukiwa na chembe za rangi ya tabaka la juu, andika kwamba huenda hapo palikuwa na shimo la zamani, kaburi au tundu la mnyama.

Mifupa inayoonekana kuwa ya binadamu isiguswe, na polisi waarifiwe kwanza. Vitu vingine visioshwe. Andika tarehe, mahali, kina na tabaka kwenye karatasi inayokaa pamoja na kitu, kisha toa taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale au makumbusho iliyo karibu kabla ya kuendelea kuchimba.