Nyanya kwenye ndoo au ardhini? Anza na udongo ulio nao

Mche wa nyanya ulio ardhini hujitafutia. Udongo ukiwa laini, mizizi yake hushuka zaidi ya nusu mita na kutambaa pembeni, ikifuata maji na chakula vilipo. Ulio kwenye ndoo hauna pa kwenda. Kilichomo humo ndicho hicho, na kikiisha ni wewe wa kukirudisha. Tofauti karibu zote za maji, mbolea na hata magonjwa zinaanzia hapo.

Ndiyo maana swali la "kipi kinazaa zaidi" silipendi. Ardhi yenye afya kwa kawaida huzaa zaidi, na kwa kazi ndogo. Lakini si kila mtu anayo, na wengine wanayo ile inayoua nyanya kabla hazijatoa tunda la kwanza.

Hatua ya 1: Pima ardhi kabla ya kununua ndoo

Nyanya zinataka jua la moja kwa moja saa 6 hadi 8 kwa siku. Kama eneo lako lina jua la kuhamahama, ndoo imeshashinda, maana inabebeka.

Pili, maji yanatuama? Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaishe, kisha lijaze tena. Safari hii ya pili ndiyo unayoipima: maji yanapaswa kushuka angalau sentimita 2 au 3 kwa saa. Yakisimama, inua tuta au panda kwenye vyombo.

Tatu, na hili ndilo wengi hulipita, udongo una ugonjwa? Kama nyanya, biringanya, pilipili au viazi mviringo vimewahi kunyauka ghafla hapo, majani yakiwa bado ya kijani na udongo una unyevu, shuku mnyauko bakteria. Ukipata shina linalonyauka, kata kipande kutoka sehemu iliyo karibu na udongo, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikiwa ndani ya maji. Usitikise. Ndani ya dakika chache, uzi wa rangi ya maziwa ukianza kuteremka kutoka kwenye ile ncha, umeshapata jibu. Hakuna dawa ya kunyunyiza itakayoponya mmea huo, na vimelea hudumu udongoni miaka mingi.

Ng'oa pia mche mmoja uliodumaa uangalie mizizi. Ikiwa na vifundo vilivyovimba, hao ni minyoo fundo. Kwa mojawapo ya hali hizi mbili mimi siumizi kichwa: napanda kwenye vyombo, kwa udongo uliotoka kwingine, na kila chombo nakiinua juu ya matofali ili mizizi isipenye matundu ya chini ikagusa ardhi ileile.

Hatua ya 2: Chagua mbegu inayoendana na chombo

Soma pakiti. Kuna aina fupi, ambazo hukua hadi kimo fulani, zikazaa kwa mkupuo na kuishia hapo, na kuna aina ndefu, ambazo huendelea kurefuka na kuzaa hadi zichoke au ziugue. Kwa ndoo ya lita 15 hadi 20, chukua fupi au zile zenye matunda madogomadogo. Aina ndefu ziachie ardhi, au zipe chombo cha lita 30 na kuendelea. Ndoo ya lita 10 itazaa pia, ila itakufunga nyumbani kwa kumwagilia.

Hatua ya 3: Andaa udongo

Kwenye ndoo usijaze udongo wa bustani peke yake. Ardhini unalegezwa na minyoo na mizizi. Ndooni haukai muda kabla ya kugandamana. Changanya udongo wa juu sehemu moja, mboji iliyoiva sehemu moja, na mchanga wa chembe kubwa au pumba za mpunga zilizochomwa sehemu moja. Lowesha kidogo, ukamate konzi: inatakiwa ishikane, kisha ivunjike ukiigusa kwa kidole.

Toboa matundu matano au sita chini, yenye upana wa sentimita moja hivi. Na tafadhali acha ile desturi ya kuweka tabaka la kokoto chini "ili maji yapite". Maji hayavuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto. Hujikusanya juu yake hadi udongo ushibe kabisa ndipo yadondoke. Matokeo yake eneo la majimaji linapanda juu, karibu zaidi na mizizi, na umepoteza nafasi. Kipande cha wavu juu ya matundu kinatosha kuzuia udongo usitoke.

Ndoo nyeusi huchemka juani. Ipake rangi nyeupe au uizungushie gunia.

Ardhini, lima kina cha sentimita 30 na uchanganye samadi iliyooza vizuri, kilo 3 hadi 5 kwa mita mraba. Usipande mahali palipokuwa na nyanya au ndugu zake niliowataja juu hadi miaka mitatu ipite.

Hatua ya 4: Miche

Hapa hakuna tofauti. Sia mbegu kina cha sentimita moja, weka unyevu, na zitaota ndani ya siku 5 hadi 10 kukiwa na joto. Miche iko tayari baada ya wiki nne hadi sita. Wiki ya mwisho izoeshe jua na upunguze maji.

Hatua ya 5: Hamishia, na uzike shina

Nyanya huotesha mizizi kwenye shina lililofukiwa. Ondoa majani ya chini, panda jioni, na fukia hadi karibu na majani yaliyobaki. Kwenye ndoo, mche mmoja tu. Ardhini, acha sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche. Chomeka mti wa kuegemea siku hiyohiyo, kabla hakujawa na mizizi ya kukata.

Hatua ya 6: Maji

Nyanya nyingi za kwenye ndoo huharibikia hapa.

Ardhini, mwagilia kwa wingi mara mbili au tatu kwa wiki kutegemea jua na udongo, ili maji yashuke na mizizi iyafuate. Kumwagilia kidogokidogo kila siku kunaizoesha mizizi kubaki juu. Kisha tandaza nyasi kavu, sentimita 5 au zaidi, bila kuzigusisha shina.

Kwenye ndoo, sahau ratiba. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili: pakiwa pakavu, mwagilia hadi maji yatoke chini. Mmea mkubwa wenye matunda, siku ya jua kali, unaweza kudai asubuhi na jioni. Ila usidanganywe na maji yanayotoka haraka. Udongo uliokauka sana husinyaa ukaachana na ukuta wa ndoo, maji yakateremkia kwenye mwanya huo na kuacha katikati pakavu. Inua ndoo, ikiwa nyepesi baada ya kumwagilia, ndiyo hali hiyo. Iweke kwenye beseni la maji, udongo ujinywee kutoka chini kwa nusu saa hivi.

Ukavu na mafuriko kwa zamu ndivyo vinavyoleta kuoza kitako: doa jeusi lililobonyea chini ya tunda. Ni upungufu wa kalisi ndani ya tunda, lakini mara nyingi kalisi imo udongoni tele. Inasafiri na maji, na maji yakikatika nayo haifiki. Kabla ya kununua dawa yoyote, nyoosha umwagiliaji.

Hatua ya 7: Mbolea

Kila maji yanapotoka chini ya ndoo, yanaondoka na chakula. Kwa hiyo tangu maua ya kwanza, lisha kila wiki kwa mbolea ya maji yenye potasiamu ya kutosha, kwa nusu ya kipimo cha kwenye pakiti. Ukiona utando mweupe wa chumvi juu ya udongo, umezidisha. Pitisha maji mengi matupu.

Ardhini, samadi ya mwanzo pamoja na mbolea ya kukuzia mara moja au mbili vinatosha. Naitrojeni ikizidi utapata kichaka kizuri kisicho na nyanya.

Hatua ya 8: Matawi, maua na wadudu

Aina ndefu, ng'oa machipukizi ya kwapani yakiwa bado madogo. Aina fupi ziache. Ukizipogolea unakata mavuno. Kwenye baraza lisilo na upepo, tikisa mashada ya maua asubuhi ili chavua idondoke. Joto la mchana likipita nyuzi 35, maua yatapukutika hata ufanye nini. Kivuli chepesi cha mchana husaidia.

Bakajani (ugonjwa wa ukungu), nzi weupe na kantangaze (viwavi wadogo wanaotoboa majani na matunda) havichagui ndoo wala ardhi. Mwagilia udongo badala ya majani, kagua upande wa chini wa majani, na toa yaliyoathirika mapema.

Hatua ya 9: Kuvuna, na udongo uliobaki

Tunda likianza kugeuka rangi unaweza kulichuma. Litaivia ndani vizuri.

Udongo wa ndoo usiutupe. Ondoa mizizi, ikague kwa vifundo, ongeza theluthi moja ya mboji mpya na upande mboga za majani au maharage msimu unaofuata. Isipokuwa kama mmea ulinyauka ukiwa wa kijani. Huo udongo usiumwage bustanini, na ndoo uioshe kwa sabuni na dawa ya klorini kabla ya kuijaza tena.