Kumaliza viroboto wa paka, mwilini na ndani ya nyumba

Paka akianza kujikuna usiku kucha, wengi hukimbilia kumwogesha. Viroboto hupungua siku mbili tatu, na wiki inayofuata wamerudi kama vile hakuna kilichofanyika. Wale unaowaona kwenye manyoya ni wachache tu kati ya wote walioko nyumbani kwako. Waliobaki ni mayai, mabuu na pupa (buu lililojifunga kwenye kifukofuko kabla ya kuwa kiroboto), na hao hawakai kwa paka. Wako chini ya kochi, kwenye mkeka, kwenye ufa wa sakafu, kwenye gunia analolalia stoo. Kwa hiyo kazi ni mbili na zinafanyika pamoja, paka na nyumba, kwa muda usiopungua miezi mitatu.

Miezi mitatu inaonekana mingi hadi uyajue maisha ya kiroboto. Jike akishanyonya damu huanza kutaga ndani ya siku mbili, na anaweza kufikisha mayai 40 hadi 50 kwa siku. Mayai hayo hayanati kwenye manyoya. Hudondoka kila paka anapojikuna, anaporuka au anapolala. Baada ya siku chache hutoka mabuu, wembamba na weupe kama kipande kifupi cha uzi. Hukimbia mwanga, hujichimbia ndani ya zulia na vumbi, na chakula chao kikuu ni kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho ni damu iliyokauka. Kisha kila buu hujisokotea kifukofuko chenye kunata, kikajivika mchanga na vumbi hadi huwezi kukitofautisha na taka nyingine. Humo ndani kiroboto anaweza kungoja wiki kadhaa au hata miezi, mpaka ahisi mtikisiko wa nyayo, joto na pumzi ya anayepita. Hakuna dawa ya kupuliza inayopenya vizuri kwenye kifukofuko hicho. Lazima uwasubiri watoke, wakute dawa tayari iko kwenye paka.

Na Dar imewakalia vizuri. Mabuu hufa hewa ikikauka, lakini hewa ya pwani ina unyevu na joto lipo mwaka mzima. Kutoka yai hadi kiroboto mzima inaweza kuchukua wiki tatu tu.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha ni viroboto kweli. Msimamishe paka juu ya karatasi nyeupe au kanga ya rangi nyepesi, umchane kuanzia kiunoni kuelekea mkiani na chini ya shingo. Tumia kitana chenye meno yaliyobanana. Chanuo la chawa linalouzwa kwa ajili ya watoto linafaa kabisa. Zikidondoka chembe nyeusi kama unga wa pilipili manga, zidondoshee tone la maji na usubiri dakika moja. Zikiacha doa la rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya paka wako. Zikibaki nyeusi au za kahawia bila kuchuja wekundu, ni vumbi. Kipimo hiki ni cha kuaminika hata kwa paka ambaye humwoni na kiroboto hata mmoja, maana paka hujiramba sana na huwameza wengi.

Ukifuga kuku, au jirani yako anafuga, kagua kingo za masikio ya paka, kuzunguka macho na mdomo. Kiroboto wa kuku haruki ovyo; hung'ang'ania ngozi palepale, wengi pamoja, wakaonekana kama kigaga cheusi. Usiwachomoe kwa kucha, utaacha vidonda. Huyo dawa ya paka inamuua, ila banda la kuku lisiposafishwa na kuku wasipotibiwa, paka ataendelea kuokota wapya kila siku.

Sasa dawa. Ya kuaminika zaidi ni ya matone, inayowekwa kwenye ngozi mara moja kwa mwezi. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya paka, yenye fipronil, imidacloprid au selamectin. Nyingi ya hizi ni kwa paka aliyefikisha wiki 8 na kuendelea, na kipimo hufuata uzito. Kumpima ni rahisi: panda mzani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Paka wengi wakubwa wa hapa mjini huwa kati ya kilo 2.5 na 4, na makosa mengi hutokea kwa kubahatisha.

Namna ya kuweka ndiyo inayoamua kama hela yako imefanya kazi. Tenganisha manyoya kwa vidole viwili, juu kabisa ya shingo chini ya fuvu, hadi uone ngozi yenyewe. Mimina hapo dawa yote ya kichupa. Ikiishia juu ya manyoya, haitasambaa. Ukiiweka chini zaidi, katikati ya mgongo, ataifikia kwa ulimi na kutoa povu mdomoni. Povu hilo huletwa na uchungu wa dawa, kwa kawaida hupita lenyewe, lakini dozi imepotea. Usimwogeshe siku mbili kabla na siku mbili baada. Paka wote wa nyumbani, na mbwa kama yupo, watibiwe siku hiyohiyo, kila mmoja kwa dawa ya aina yake. Ukimwacha mmoja, huyo ndiye atakayewalisha viroboto wote.

Dawa ya mbwa usimwekee paka kamwe. Soma boksi: likiwa na neno permethrin, hilo ni sumu kwa paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja kama ini la mbwa. Vivyo hivyo dawa za kuogeshea ng'ombe, ziwe za amitraz au za jamii ya cypermethrin, hata ukizichanganya na maji mengi. Wapo wauzaji wanaopima dawa hizo kwenye chupa ya soda isiyo na jina wala maelekezo. Usinunue, hata ukiambiwa jirani alitumia ikafaa. Mafuta ya taa huunguza ngozi, na paka akijiramba huingia tumboni na mapafuni. Mafuta ya karafuu na mafuta mengine makali ya kunukia nayo humdhuru, japo yanaonekana ya asili.

Paka aliyepata sumu hutetemeka, masikio na uso hurukaruka, hutoa udenda, huyumba, hatimaye hupata degedege. Kama bado ana fahamu, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mfunge taulo asijirambe na asipate baridi, na mpeleke kwa daktari wa mifugo ukiwa na boksi la dawa mkononi. Usimnyweshe maziwa wala mafuta. Paka anayetetemeka hushindwa kumeza, na maziwa yakiingia mapafuni unaweza kumpoteza kwa hilo.

Vitoto vya chini ya wiki 8 usivipake dawa bila daktari. Hivyo huchanwa kwa kitana mara mbili kwa siku. Weka karibu bakuli la maji yenye matone ya sabuni ya vyombo na uchovye kitana kila baada ya kupitisha. Sabuni ni ya lazima: kwenye maji matupu kiroboto huelea na kuruka nje, kwenye maji ya sabuni huzama. Angalia fizi za kila kitoto. Zikiwa nyeupe badala ya waridi, damu imepungua sana mwilini na huyo anahitaji daktari leo, asingojee kesho.

Nyumbani anzia pale paka anapolala, maana mayai mengi yako hapo. Tandiko lake liingie kwenye beseni, limwagiwe maji yanayochemka mpaka lizame, likae humo mpaka yapoe, ndipo lifuliwe. Rudia kila wiki. Zulia na mikeka vitolewe nje, vikung'utwe mbali na mlango, kisha vianikwe juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, vikigeuzwa kila saa. Godoro na mito ya makochi vivyo hivyo. Jua la Dar kwenye saruji tupu huwakausha mabuu vizuri.

Ndani, sogeza kochi na kabati. Fagia pembezoni mwa kuta na ndani ya nyufa kila siku wiki mbili za mwanzo, kisha mara tatu kwa wiki. Zulia lisilotoka lisuguliwe kwa brashi ngumu kinyume cha nyuzi zake. Kama una mashine ya kufyonza vumbi, itumie. Mtikisiko wake huwachokoza walio kwenye vifukofuko watoke. Taka zifungwe kwenye mfuko na zitoke nje ya nyumba siku ileile, zisilale kwenye ndoo jikoni. Sakafu ya saruji yenye nyufa imwagiwe maji ya moto, na nyufa kubwa zizibwe.

Dawa ya kupuliza si lazima kama hali si mbaya. Ukiamua kupuliza, chagua yenye pyriproxyfen au methoprene, ambazo huzuia mayai na mabuu kukua. Mtoe paka, funika vyombo vya chakula, na asirudi mpaka sakafu ikauke kabisa na madirisha yamekaa wazi saa kadhaa. Ukiita wapuliza dawa, waulize jina la dawa na uwaambie kwamba nyumba ina paka.

Uani, viroboto hawaishi kwenye mchanga unaopigwa na jua. Wako kivulini: chini ya ngazi, chini ya gari lililokaa muda mrefu, nyuma ya tangi la maji. Fagia hapo, geuza mchanga, kata matawi yanayofunika. Kwenye nyumba ya wapangaji wengi zungumza na wenzako, maana paka mmoja huzunguka vyumba vyote.

Kujua kama unashinda, weka sahani pana ya maji ya sabuni sakafuni usiku, chini ya taa iliyoshushwa karibu nayo. Wanaotoka kwenye vifukofuko huvutwa na mwanga, huruka na kuzama. Hesabu asubuhi, siku tatu mfululizo, kila wiki. Mtego huu haumalizi tatizo, lakini unakuonyesha linaelekea wapi. Wiki ya pili au ya tatu idadi inaweza kupanda, na hapo ndipo wengi huilaumu dawa na kuiacha. Hao ni waliokuwa kwenye vifukofuko kabla hujaanza. Endelea, weka dozi ya pili tarehe yake ikifika, na ya tatu.

Ukiona punje kama za mchele karibu na mkundu wa paka au kwenye tandiko, ni minyoo tegu, na mara nyingi ameipata kwa kumeza kiroboto. Hutibiwa kwa praziquantel kulingana na uzito. Mtoto akimeza kiroboto kwa bahati mbaya anaweza kuipata pia, kwa hiyo usiruhusu paka mwenye viroboto alale kitanda cha watoto.

Ukihamia chumba kilichokaa tupu na aliyetoka alikuwa na paka, fanya usafi wote huu kabla ya kuingiza kochi. Vaa soksi nyeupe ndefu, zunguka chumba dakika kumi ukikanyaga kwa nguvu, kisha angalia miguu. Wakiwepo, utawaona weusi juu ya soksi.