Kufundisha wanafunzi kumsaidia kichanga asiyepumua: dakika tano kila wiki, sio semina ya siku moja

Hii nawaandikia walimu wenzangu wa vyuo vya uuguzi na mainchaji wa leba wanaopokea wanafunzi wa fildi. Semina ya siku nzima yenye chai, posho na cheti mimi siipingi, ila peke yake haitoshi, na hilo lilishapimwa hapa hapa nyumbani. Haydom, ile hospitali ya Walutheri kule Manyara, watu walipewa mafunzo ya siku moja ya Helping Babies Breathe (kozi ya kumsaidia kichanga apumue), wakaja kupimwa kwa mdoli wa mazoezi miezi kadhaa baadae wako vizuri tu, lakini ukienda leba kwenyewe namna vichanga wanavyohudumiwa haijabadilika. Hiyo ilichapishwa 2013. Wakaja na kitu kingine, mazoezi ya dakika 3 mpaka 5 kila wiki pale pale kazini, na ripoti ya 2015 ikaonyesha vifo vya vichanga ndani ya saa 24 vimeshuka kutoka kama 11 mpaka kama 7 kwa kila 1,000. Kwahiyo ndio tunachofanya hapa.

Hatua ya 1: Sehemu. Leba, pembeni ya meza ya kuhudumia vichanga. Sio darasani. Mwanafunzi azoee kufikia ambu bagi, ule mfuko wa kuminya wenye maski wa kumpulizia kichanga hewa, pale inapokaa siku zote.

Hatua ya 2: Mdoli. Ukiwa na NeoNatalie, mdoli wa mazoezi wa umbo la kichanga, mjaze maji ya uvuguvugu, usimjaze upepo, akijaa maji anakuwa mzito na analegea, shingo inaning'inia kama ya kichanga mwenyewe na hapo ndo mwanafunzi anajua kwanini tunasisitiza kichwa kikae sawa. Mdoli wa kitambaa anafaa kwa kukausha tu, kifua chake hakipandi.

Hatua ya 3: Kesi fupi. "Mama mimba ya pili, mtoto katoka sasa hivi, halii." Basi, usihadithie zaidi, washa saa ya simu.

Hatua ya 4: Nyamaza uangalie. Hapa ndio kwenye kazi. Ile dakika ya dhahabu maana yake ikifika sekunde 60 kichanga awe anapumua mwenyewe au awe anapuliziwa kwa ambu, sasa angalia sekunde zinapotelea wapi. Anamkausha, sawa, lakini ile khanga iliyolowa ameitoa au bado iko chini ya mtoto inampoza? Anasugua mgongo mara ngapi? Wanafunzi wengi wanapenda sana saksheni, yaani kunyonya uchafu mdomoni na puani, wananyonya na kunyonya hata pasipo na uchafu wowote, na saa inakimbia. Kama mtoto amekaushwa, amesuguliwa mgongo na bado hapumui, kata kitovu, peleka mezani, anza ambu.

Kwenye maski simama upande wa kichwa uone kwa macho yako. Maski ifunike kidevu, mdomo na pua, isipande machoni wala isizidi kidevu, kidole gumba na cha shahada juu ya maski na vilivyobaki vinyanyue taya. Ukisikia "fsss" upepo unavuja. Kuhesabu wafundishe kwa sauti: "minya, mbili, tatu, minya, mbili, tatu", ukienda hivyo unapata 40 mpaka 60 kwa dakika, ukimuacha ahesabu kimoyomoyo atakimbia tu kwa woga. Kifua hakipandi? Aweke maski upya, arekebishe kichwa, asafishe mdomo, aufungue kidogo, halafu ndio aminye kwa nguvu zaidi. Wengi wanarukia hiyo ya mwisho.

Hatua ya 5: Muulize yeye kwanza ameona nini, halafu useme lako moja. Moja tu jamani, ukimwaga makosa saba wiki ijayo hutamwona.

Hatua ya 6: Andika. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, namba ya mwanafunzi badala ya jina, sekunde mpaka pumzi ya kwanza ya ambu, kifua kimepanda au hakijapanda. Majina hapana, maana daftari likigeuka la kufokea watu wataanza kukwepa. Kama una mpango wa kuchapisha, kibali cha maadili ya utafiti kitafutwe kabla hujaanza kukusanya, anzia kamati ya chuo chako na ujue NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) wanataka nini, sio mwaka mmoja baadae ndo unakumbuka. Na usije ukakimbilia kuandika kwamba mazoezi yako yamepunguza vifo. Kituo kidogo vifo ni vichache, mwezi huu sifuri mwezi ujao viwili, hapo huwezi kusema lolote. Sekunde unaweza kuzipima, na kwenye rejesta ya leba unaweza kuhesabu waliohitaji ambu na wakapewa.

Hatua ya 7: Zamu ya usiku nao wafanye. Mdoli akifungiwa kabatini na funguo anatembea nayo inchaji hakuna mazoezi, aachwe nje pale mezani, amefunikwa tu kitambaa safi.