Somo: Kufunga skrini pembeni ya muvingi hedi na kuiendesha toka kwenye meza ya taa

Wakuu salama? Wengi mmeniuliza inakuwaje muvingi hedi (taa ya jukwaani yenye kichwa kinachozunguka) iwe na kiskrini pembeni, picha zinabadilika pamoja na taa na fundi katulia zake chini kwenye meza. Leo nashusha somo lote ila kabla hujanunua hata skrubu shika hili: usitume picha kwenye waya wa DMX (waya unaopeleka maagizo toka kwenye meza hadi kwenye taa), tuma amri. Hapo ndo watu wanakwama.

Piga hesabu mwenyewe. Paneli ya LED ya P4 (milimita 4 toka pikseli hadi pikseli), pikseli 64 kwa 32, ina pikseli 2,048 na kila pikseli inataka chaneli tatu, yani namba tatu za kuiongoza (nyekundu, kijani, bluu), jumla 6,144. Laini moja ya DMX512 ina chaneli 512, ikibeba pikseli 170 imejaa, yani paneli moja inamaliza laini 12 na inadokoa ya 13. Ukiwa na taa nane je? Lakini picha zikikaa kwenye memori kadi hukohuko kwenye skrini, meza inatuma namba tu, cheza faili la 12, mwanga nusu, mwendo wa taratibu, na chaneli 8 zinatosha kabisa.

HATUA YA 1, vifaa. Paneli, ESP32 ambayo ni bodi ndogo ya kuendesha skrini (au kompyuta ndogo ya Raspberry Pi kama unataka video ndefu), memori kadi, pawa saplai ya volti 5 ampea 10, na chipu ya RS-485 ya kupokea DMX. Paneli hii ikiwaka nyeupe yote inaweza kuvuta ampea 4 hivi, kwa hiyo 10 inakuachia nafasi na saplai haichemki. Kwenye chipu chukua MAX3485 inayotumia volti 3.3, ile MAX485 ya volti 5 itarudisha volti 5 kwenye pini ya ESP32 ambayo mwisho wake ni 3.3.

HATUA YA 2, mahali pa kufunga, na hapa naomba usome polepole. Usifunge skrini kwenye kichwa cha taa. Mimi nilifunga, ilikuwa nyepesi tu nikaona poa, baada ya muda kichwa kikaanza kukosea pozisheni, unakiambia kilenge katikati ya jukwaa kinalenga pembeni, maana zile mota zimepimwa kwa uzito wa kichwa chake na siyo mzigo wa ziada. Kwenye mikono inayoshika kichwa napo hapana, pan (kuzunguka kushoto na kulia) ya taa nyingi ni nyuzi 540, mzunguko mmoja na nusu, waya zako zitajisokota mpaka zikatike. Funga kwenye trasi (fremu ya chuma inayobeba taa) pembeni ya kitako cha taa, kwa klampu yake yenyewe, na iwe na waya wa usalama wa chuma wa peke yake, usichangie ule wa taa. Usitoboe bodi ya taa wala usizibe matundu ya feni. Ukimaliza, umeme ukiwa umezimwa, zungusha kichwa kwa mkono pande zote uone hakigongi popote.

HATUA YA 3, umeme. Usiibe umeme ndani ya taa. Vuta waya tofauti mpaka kwenye saplai ya skrini na fremu ya chuma iunge na ethi.

HATUA YA 4, DMX. Toka kwenye taa ingia kwenye skrini, toka kwenye skrini ingia taa inayofuata, hakuna kugawa waya kwa Y. Kwenye plagi ya DMX, pini 1 ni graundi, 2 ni data hasi, 3 ni data chanya. Kifaa cha mwisho weka terminata, rezista ya omu 120 kati ya pini 2 na 3. Alafu kumbuka laini moja inabeba vifaa 32, taa 16 na skrini 16 ushafika mwisho, ukizidi hapo weka spilita, kifaa cha kugawa laini ya DMX.

HATUA YA 5, adresi, yani namba ya chaneli ambayo kifaa kinaanzia. Kama taa yako ina chaneli 16, taa inaanza 1, skrini 17, taa ya pili 25, skrini yake 41, kila jozi inakula 24. Chaneli 8 za skrini mimi nazipanga hivi: mwanga, folda, faili, mwendo, strobu (kuwaka na kuzima harakaharaka), kugeuza picha, rangi ya kufunika, na ya mwisho naiacha wazi. Chaneli ya mwanga ikiwa 0 skrini iwe nyeusi kabisa, usikubali pungufu ya hapo.

MASWALI

Swali: Mkuu kwa nini tusitumie wayafai tu, waya za nini?
Jibu: Ukiwa peke yako kwenye majaribio itakubali vizuri sana. Watu wakijaa na simu zao, ile wayafai ya 2.4 GHz inasongamana na skrini zinaanza kuchelewa. Kwenye shoo tumia waya.

Swali: Yangu picha zinatokea kichwa chini miguu juu, nimekosea wapi?
Jibu: Hujakosea kaka, paneli umeining'iniza kinyume. Ndo maana kuna chaneli ya kugeuza, iweke nyuzi 180 usave kwenye meza.

Swali: Kwa macho iko safi ila kwenye kamera inaonyesha mistari inapita.
Jibu: Rifreshi ya paneli (mara ngapi inachora picha upya kwa sekunde) iko chini. Punguza kina cha rangi kwenye programu ya ESP32, rifreshi itapanda, alafu mwombe mtu wa kamera ashushe kasi ya shata.

Swali: Waya wa DMX ukichomoka katikati ya shoo skrini inafanyaje?
Jibu: Inafanya ulichoiandikia dada, kwa hiyo andika. Yangu inashikilia picha ya mwisho sekunde 3 kisha inafifia mpaka nyeusi. Jaribu kwa kuchomoa waya mwenyewe kabla hujapandisha juu.